Kadi mpya ya michoro, kompyuta inazima: soma namna inavyokufa kabla ya kurudisha kadi dukani

Mtu akibadilisha kadi ya michoro na kompyuta ikaanza kuzima, lawama zote huiangukia kadi. Si ajabu: jana haikuwepo, na jana mashine ilikuwa nzima. Lakini ikifika mezani kwa fundi, kadi mara nyingi hutoka bila hatia. Ilichofanya ni kudai umeme mwingi kuliko ile ya zamani, kuja na draiva (programu inayoiendesha) nyingine, na kumwaga joto ndani ya boksi lililozoea kazi nyepesi za Excel. Kilichokuwa kimechoka tangu zamani ndicho kinachoanguka kwanza.

Hapa naongelea zaidi mashine ambazo wengi tunazo: kompyuta za ofisi zilizokwisha kutumika nje, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zinazonunuliwa kwa bei nafuu kisha zinawekewa kadi ili kijana acheze gemu au mtu ahariri video za harusi. Mwenye mashine ya kuunda mwenyewe afuate njia hii hii, ila yeye ana nafasi zaidi ya kubadilisha vitu.

Kabla hujashika bisibisi, jibu swali moja: inakufa vipi?

Inazima puu, kama umeme umekatika

Hakuna skrini ya bluu, hakuna ujumbe wowote. Uko katikati ya gemu, kioo kinakuwa cheusi na feni zote zinasimama. Pengine inajiwasha yenyewe baada ya sekunde chache. Pengine inakataa katakata hadi uchomoe waya ukutani na kusubiri kidogo. Hiyo ya kukataa ni ishara nzito, maana yake ulinzi wa ndani wa pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta) umejifunga. Mashine ikifa hivi, acha kwanza habari za draiva. Draiva haiwezi kusimamisha feni zote kwa mpigo.

Piga hesabu. Soketi ya PCI Express, ile kadi inapochomekwa kwenye mazabodi (bodi kuu), inatoa wati 75, basi. Plagi ya pini 6 inaongeza 75 nyingine, ya pini 8 inaongeza 150. GTX 1050 Ti na GTX 1650 nyingi zinaridhika na zile 75 za soketi, ndiyo maana zimependwa sana kwenye mashine za ofisi. RX 580 inakula 185. RTX 3060 inakula 170. AMD wanapendekeza pawa saplai ya wati 500 kwa RX 580, na NVIDIA wanapendekeza 550 kwa RTX 3060. Sasa fungua OptiPlex 9020 usome kibandiko cha pawa saplai yake: ile ya mnara ina wati 290, ile nyembamba 255. Na ndani ya hizo lazima prosesa, diski na feni vipate mgao pia.

Wapo watakaosema, "Mbona yangu imeandikwa 600W?" Usisome namba kubwa ya ubavuni. Soma jedwali dogo, safu ya +12V, kwa sababu kadi na prosesa vyote vinakula huko. Ikiwa +12V ina ampea 25, zidisha kwa 12: una wati 300, haijalishi boksi limeandikwa nini. Pawa saplai zinazokuja bure na kasha la bei rahisi zina tabia hiyo, na nyingine utazijua hata kabla ya kusoma, kwa kuzishika tu: ni nyepesi mno.

Jambo linalowachanganya hata mafundi ni kwamba kadi za kisasa hazili umeme kwa utulivu. RTX 3080 imeandikwa wati 320, lakini kwa milisekunde chache inaweza kuruka juu sana ya hapo, kisha ikarudi. Pawa saplai yenye ulinzi mkali au iliyochakaa inaona mruko huo, inadhani kuna shoti, inajifunga. Maltimita yako haitauona. Itakuonyesha volti 12 safi wakati mashine imezubaa (kiwango kinachokubalika ni 11.4 hadi 12.6), utafunga kasha ukiridhika, na jioni itazima tena. Ndiyo sababu mashine inaweza kuvumilia FurMark (programu ya kuijaribu kadi kwa mzigo mzito) nusu saa nzima halafu ikafa dakika ya tano ya gemu: FurMark inabana kwa nguvu ile ile muda wote, gemu linabana na kuachia, linabana na kuachia.

Kipimo kizuri hakina gharama. Pakua MSI Afterburner, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 60 au 70, kisha lifunge gemu lisizidi fremu 60 kwa sekunde. Cheza kama kawaida. Kama mashine iliyokuwa inazima kila baada ya dakika kumi sasa inakesha, umeshapata jibu na hujatoa hata senti. Ukitaka uhakika zaidi, OCCT ina jaribio la umeme linalobana prosesa na kadi kwa pamoja. Mashine yenye pawa saplai dhaifu haichelewi kuanguka hapo.

Halafu angalia waya. Mashine nyingi za ofisi hazina plagi ya pini 6 wala 8, kwa hiyo watu hununua adapta inayotoka kwenye plagi ya SATA. Mimi hizo siziweki. Pini za 12V za plagi ya SATA zimekadiriwa ampea 4.5, yaani wati 54, na wewe unaiomba 75 au zaidi. Ichomoe uitazame kwenye mwanga: plastiki ikiwa imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka pini, au ina harufu ya kuungua, mashine yako haina tatizo la kuzima tu, ina tatizo la moto. Kadi yenye plagi mbili za pini 8 ipewe waya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Na kama pawa saplai yako ni ya waya za kuchomoa, usiazime waya wa pawa saplai nyingine hata kama plagi inaingia vizuri. Upande wa pawa saplai mpangilio wa pini hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kosa hilo linaua kadi au diski papo hapo. Plagi mpya ya pini 16, ile ya RTX 40 na 50, isukume hadi ikae kabisa, pasibaki hata uwazi mwembamba.

Ukiamua kubadilisha pawa saplai kwenye mashine za kampuni hizi, tahadhari. OptiPlex 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi. Ina yake ya pini 8, na utahitaji adapta. HP nao wana plagi zao. Kwenye kasha jembamba pawa saplai ya kawaida haiingii hata ukiilazimisha. Rai yangu kwa mwenye mashine nyembamba ni kuachana na RX 580, atafute kadi fupi isiyo na plagi, aendelee na maisha.

Mtuhumiwa mwingine hayumo hata ndani ya kompyuta: UPS. Zile ndogo za 650VA zilizojaa madukani nyingi hubeba wati 360 hivi, na humo umechomeka kompyuta, kioo na pengine spika. Zamani ilitosha, mashine ilikuwa inakula wati 80. Sasa kadi ikipanda, UPS inalia mlio mrefu, inakata. Ya namna hii hujitokeza zaidi jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na majiko na umeme ukiwa mdogo: UPS inahamia kwenye betri mara kwa mara, na betri ya miaka mitatu haiwezi tena kubeba mzigo huo hata kwa sekunde moja. Pia zipo pawa saplai nzuri zisizopatana na wimbi la umeme la ngazi ngazi, lisilo laini, la UPS za bei nafuu. Umeme ukiruka tu, zinazima. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani kwa muda wa jaribio. Ikitulia, usiguse kadi.

Inaleta skrini ya bluu, au picha inapotea na kurudi

Hapa mashine inakuachia maandishi, kwa hiyo yasome. Kwanza izuie Windows isijiwashe upya kabla hujaona kitu: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, toa tiki kwenye Automatically restart.

Ukikuta VIDEO_TDR_FAILURE, maana yake ni hii: Windows iliipa kadi kazi, ikasubiri jibu kwa sekunde 2, ikakosa, ikajaribu kuiamsha upya, ikashindwa. Ikifanikiwa kuiamsha, huoni bluu. Picha inapotea kidogo na kurudi, gemu linajifunga, na kwenye Event Viewer (daftari la matukio la Windows) kunabaki tukio namba 4101 la Display. Jina la faili likiwa nvlddmkm.sys ni draiva ya NVIDIA, amdkmdag.sys ni ya AMD. Lakini usimhukumu mtu kwa kukutwa eneo la tukio. Draiva hutajwa pia pale RAM au umeme ulipoivuruga.

Humo humo kwenye Event Viewer, Windows Logs kisha System, tafuta Kernel-Power 41. Watu wengi wakiiona tu wanasema "ni pawa", kwa sababu ya jina. Hapana. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. Fungua Details uangalie BugcheckCode. Ikiwa 0, mashine ilikatwa ghafla au iliganda ukaizima kwa kidole: rudi kwenye habari za umeme hapo juu. Ikiwa 278, ni ile ile VIDEO_TDR_FAILURE, yaani 0x116 iliyoandikwa kwa namba za kawaida. Ikiwa 292, ni 0x124, WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR, kosa la vifaa vyenyewe.

Kwa 278, anza na draiva, hasa kama ulihama kutoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume chake. Kuondoa draiva kwa njia ya kawaida kunaacha masalia. Pakua kwanza draiva mpya kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD ukaihifadhi, pakua na Display Driver Uninstaller (programu ya kufuta draiva hadi masalia), kisha kata intaneti. Hili la kukata intaneti wengi hulipuuza, na ndilo linaloharibu kazi: ukishafuta draiva, Windows Update inakimbilia kuweka ya kwake kabla yako. Ingia Safe Mode (Windows ikiwa na vitu vya msingi tu), futa, washa upya, weka draiva uliyohifadhi, ndipo urudishe intaneti.

Draiva ya karibuni kabisa si lazima iwe bora. RTX 50 zilipotoka mwanzoni mwa 2025, wanunuzi wengi walipata vioo vyeusi, na NVIDIA ilibidi watoe marekebisho ya haraka zaidi ya mara moja. Kama kadi yako si toleo la jana, rudi nyuma toleo moja au mawili ujaribu. Ushauri wa kuongeza TdrDelay kwenye rejista ili Windows isubiri zaidi ya sekunde 2 uuache. Kwa kazi nzito za kuchakata video una mahali pake, kwenye gemu unakupa tu mgando mrefu zaidi kabla ya kifo kile kile.

Draiva ikishakuwa safi na bado inaanguka, shusha mwendo wa kadi kwa megahezi 50 hadi 100 kwenye Afterburner. Kadi nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeshaongezwa mwendo. Ikitulia baada ya kushushwa, basi kweli kadi haiwezi kasi iliyouziwa, na hiyo ni sababu halali ya kudai garantii.

Makosa yanabadilika kila siku

Leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa kivinjari kinajifunga chenyewe. Kosa linalobadilika sura hivi ni la RAM mpaka ithibitike vinginevyo. Unapoingiza kadi kubwa kwenye kasha dogo mkono unagonga RAM, kijiti kinalegea upande mmoja. Chomoa RAM zote, futa meno yake kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, rudisha hadi vibano vilie. Kwa waishio Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara na visiwani, chumvi ya hewani hufubaza meno haya kuliko watu wanavyodhani. Fanya vivyo hivyo kwenye meno ya kadi. Zima XMP (mpangilio unaoongeza kasi ya RAM) kwenye BIOS (programu ya msingi ya mazabodi), kisha acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku kucha. Hata kosa moja ni kosa.

Ukiwa na prosesa ya Intel ya mezani ya kizazi cha 13 au 14, hasa i7 na i9, kuna mtego mbaya. Gemu linajifunga na kuandika kwamba kumbukumbu ya video imekwisha: "Out of video memory trying to allocate a rendering resource". Kadi ina gigabaiti 16, gemu linatumia 6, na bado linalalamika. Watu walirudisha kadi nzima kabisa madukani kwa ujumbe huo. Mkosaji alikuwa prosesa iliyopewa volti nyingi kupita kiasi ikachakaa mapema. Intel walitoa marekebisho ya maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa), 0x129 Agosti 2024 na 0x12B Septemba 2024, yanayoingia kupitia BIOS mpya, na wakaongeza garantii ya prosesa hizo kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia, hayaponyi: iliyokwisha kuharibika inabadilishwa.

Ukiona kwenye Event Viewer matukio mengi ya WHEA-Logger namba 17 yanayotaja PCI Express, tatizo liko kwenye njia kati ya kadi na mazabodi. Kaza kadi vizuri, ondoa waya wa kurefusha soketi kama unautumia, kisha kwenye BIOS shusha kasi ya soketi kutoka Gen 4 kwenda Gen 3. Kwenye gemu huenda usiione hata tofauti.

Haileti picha kabisa

Kwanza, waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi? Usicheke, hili ndilo la kawaida kuliko yote. Pili, plagi ya umeme ya kadi imewekwa? Tatu, mashine ya zamani kama ya 2011 au 2012 yenye BIOS ya kizamani inaweza isiielewe kadi ya kisasa. Tafuta BIOS mpya ya modeli hiyo, na ujaribu kubadilisha mpangilio wa CSM (unaoiruhusu mashine kuwaka kwa mtindo wa kizamani). Ikigoma, kadi ile haikuwa ya mashine hii.

Inaganda baada ya muda, sauti inaendelea

Joto. Fungua HWiNFO (programu inayoonyesha joto la vifaa), cheza, kisha soma kiwango cha juu kilichofikiwa. Kadi kwenye nyuzi 75 hadi 85 iko sawa, na kwa AMD sehemu ya moto zaidi inaweza kukaribia 110 bila kuwa hitilafu. Toa ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani ndani, cheza tena. Ikitulia, kasha halipumui. Kadi ikipanda haraka mno hata kasha likiwa wazi, pasta yake ya kupitisha joto imekauka, au feni moja haizunguki.

Kadi ni mpya kwako tu

Nyingi ya "mpya" zinazouzwa mitaani zimeshafanya kazi. Ethereum ilipoacha uchimbaji kwa kadi za michoro tarehe 15 Septemba 2022, kadi chungu nzima za uchimbaji zilimwagwa sokoni, RX 570 na RX 580 zikiwemo. Kuchimba peke yake hakuiui kadi. Kinachosumbua ni BIOS ya kadi yenyewe iliyobadilishwa ili kumbukumbu ikimbie zaidi: mashine inawaka, eneo-kazi (Desktop) liko sawa, ukifungua gemu unaona vipande vya rangi na mistari, kisha inaanguka. Kadi nyingine zina swichi ndogo ubavuni yenye BIOS mbili. Isogeze ujaribu ya pili.

Zipo na za bandia kabisa, chipu ya zamani kama GTX 550 Ti iliyoandikiwa jina la 1050 Ti. Hizi huanguka punde ukiweka draiva halisi, maana draiva inakuta kitu kingine. Fungua GPU-Z (programu inayosoma chipu ya kadi), kadi bandia nyingi inaziandikia FAKE mbele ya jina. Angalia pia idadi ya viini (vichakataji vidogo ndani ya chipu): RX 580 kamili ina 2304, ile ya 2048SP ina 2048, na bei haipaswi kulingana.

Ukifika hapa bila jibu, badilishana. Ipeleke kadi kwenye mashine ya mtu yenye pawa saplai ya kueleweka, na kadi yake ije kwako, lakini iwe inakula wati sawa. Kuweka kadi ndogo kama GT 710 na kusema "na hii inafanya kazi" hakupimi chochote. Kadi ikifa kote kote, kosa ni lake. Mashine yako ikiua kadi zote mbili, rudi kwenye umeme.

Na kwa ile utakayonunua baadaye, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako: GPU-Z kwanza, kisha gemu zito robo saa, si eneo-kazi tu. Akisema hana muda, chukua pesa yako uende duka la pili.